Sugu ya Babu Utosini Kwangu

Kichwani mwangu kuna kinyama. Nasema mapema, asije mtu akasoma nusu ya habari hii kisha akashtuka. Kiko utosini, upana wake kama kiganja cha mtoto mchanga, hakioti nywele, rangi yake imeelekea umanjano kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, na kimejaa vinundu kama ganda la topetope. Hakiumi. Hakiwashi. Hakinuki wala hakiambukizi. Nimezaliwa nacho na nitazikwa nacho, na mwenye neno la ziada aseme sasa hivi, mie nimekaa hapa.

Mwanzoni kilikuwa baka tu, laini, dogo kama tende. Hakuna aliyekiona kwa sababu nilikuja duniani na nywele nyingi. Kilionekana siku ya arobaini yangu, Temeke, nyumbani kwa bibi mzaa baba, waliponipakata na kuanza kuninyoa nywele nilizozaliwa nazo. Aliyeshika wembe akasita. "Jamani," akasema, "huyu mtoto ana kipara." Wanawake wote wakainama. Nimesimuliwa kwamba mama alianza kulia, mmoja akasema ni jicho la watu, mwingine akasema mama alitamani kitu wakati wa mimba, akakikosa, akajikuna kichwa. Bibi akawasukuma kwa viwiko, akaangalia, kisha akakaa chini pu.

"Karudi," akasema. "Mume wangu karudi."

Babu alikuwa hamali bandarini tangu ujana wake. Alibeba magunia kichwani, juu ya kata ya matambara, mpaka utosini pakaota sugu nene isiyoota nywele. Alifariki miezi mitatu kabla sijazaliwa. Kisha nikaja mie, mtoto wa kike, na alama palepale utosini. Kwa bibi maneno yalikuwa yamekwisha. Bibi wa kwetu humwita mjukuu wa kiume mume, na wa kike humwita mke mwenzangu, ndio utani wao. Mie nikawa mume. "Mume wangu, njoo ule." "Mume wangu, niletee maji ya kunawa." Na mie, kabla hata sijajua kuhesabu mpaka kumi, nilikwisha jifunza kuitika: "Nipo, mke wangu."

Najua mnachotaka kusema. Sugu hairithiwi. Mtu hawezi kubeba magunia kisha mjukuu akazaliwa na alama ya mzigo. Ebo! Mnadhani sijui? Nimesoma, na daktari aliniambia kwa mdomo wake. Lakini bibi alikuwa amekosea kwa namna iliyonifaa mie, na sikuwa na sababu ya kumsahihisha.

Baba yangu alifariki nikiwa mdogo, mama akaolewa Kimbiji, mie nikabaki Temeke na bibi. Nyumba ya pili alikaa shangazi yangu, dada wa baba, mtoto wa kwanza wa bibi. Na ukuta kwa ukuta na sisi alikaa mama mmoja wa Kinyamwezi, mke wa mtu wa reli. Sisi ni Wazaramo, kwa hiyo yule mama alikuwa mtani wetu, na mtani hana msamaha. Kila asubuhi akiniona napita na kichwa wazi: "Wee, vua kofia, unaongea na mkubwa!" Nami namjibu, "Shikamoo mtani. Kofia yangu nzuri kuliko nyie mliokuja pwani kwa miguu toka Tabora mmebeba mizigo ya watu." Naye, "Na babu yako pale bandarini alikuwa anabeba maua?" Tunacheka mpaka bibi anatoka kutuamua. Yule mama alinitukana kichwa changu kila siku ya Mungu kwa miaka kumi, na sikumbuki kulia hata mara moja.

Shuleni ndiko nilikojua kwamba kuna watu hawachekeshi. Enzi hizo watoto wote wa shule ya msingi tulinyoa kipara, wasichana kwa wavulana, kwa hiyo pa kujificha hapakuwepo. Nikiwa darasa la tatu akaja mwalimu mgeni, akapita mstarini akikagua kucha na vichwa. Kufika kwangu akasema, "Mapunye haya." Nikamwambia si mapunye, mwalimu, nimezaliwa nayo. Akasema mtoto mjuaji. Akachukua pamba, akanipaka utosini ile dawa ya zambarau ya vidonda, akanikalisha peke yangu dawati la nyuma nisiambukize wenzangu. Nilirudi nyumbani utosi wa zambarau unang'aa.

Bibi aliniangalia, akafunga kanga yake vizuri, akavaa ndala, akanishika mkono. Tulifika shuleni walimu wanakunywa chai. Bibi akasimama mlangoni mwa ofisi, mdogo hivi, hajui kusoma, akauliza kwa sauti: "Shikamooni au marahaba, mie sijui. Naomba mnionyeshe, nani kampaka mume wangu rangi?" Walimu wakatazamana. Mwalimu mkuu aliyekuwa mtu mzima alielewa haraka kuliko wengine, akamwomba radhi, akasema nitarudi kwenye dawati langu. Yule mwalimu mgeni hakunigusa tena. Dawa yenyewe ilichukua wiki mbili kutoka, na mtani wetu alinifaidi wiki zote mbili.

Nilipovunja ungo, kile kitu nacho kikabadilika. Kikanenepa, kikainuka, kikaota vile vinundu. Hapo hata mie niliogopa. Bibi akanipeleka hospitali kubwa mjini, tukakaa kwenye benchi toka asubuhi mpaka mchana. Daktari alikuwa mzee mpole mwenye vidole baridi. Alikibonyeza, akakiangalia kwa kioo, kisha akaita wanafunzi wake. "Njooni muone, hii hamtakutana nayo mara nyingi." Wakanizunguka na makoti yao meupe, kila mmoja akainama, akagusa. Daktari akasema ni alama ya kuzaliwa tu, ngozi iliyojiumba vingine, si saratani, si ugonjwa, na hunenepa mtu anapokua. Kikianza kutoka damu au kuota kidonda, nirudi. Kisipofanya hivyo, kisiguswe, niishi nacho. Bibi hakusikia nusu ya maneno hayo. Njia nzima ya kurudi alikuwa anasema, "Umeona? Madaktari wazima, wasomi, wote wamemwinamia hamali."

Shangazi hakupenda hadithi hizo. Bibi alikuwa akisema kwamba zamani babu akirudi toka bandarini, shangazi ndiye aliyekuwa akimpaka mafuta ya nazi kwenye ile sugu, mtoto wa miaka saba, mpaka mzee anasinzia kitini. Shangazi akisikia alikuwa anageuka pembeni na kusema, "Mama naye, ya kale hayaishi." Ilikuwa miaka ya ruksa. Kila kitu kiliruhusiwa na kila mtu aliuza kitu. Shangazi aliuza vitenge na mabeseni, anakwenda Zanzibar, baadaye mpaka Dubai, anarudi na pafyumu na wigi. Watu walimwita mama mkubwa. Hakutaka kukumbushwa kwamba baba yake alikuwa farasi wa bandarini. Wala simlaumu sana. Lakini sina budi kusema ilivyokuwa.

Yeye ndiye aliyenivika wigi la kwanza, nikiwa na miaka kumi na minane. Saluni zilikuwa zinafunguliwa kila kona, wenzangu wanatia dawa nywele zinalala, wanakaa chini ya draya wamevimba kwa raha. Mie nilikwenda mara moja. Dada wa saluni alitia chanuo, akafika utosini, akalitoa kama ameungua. "Dada, hapa kwangu siwezi, wateja wangu wataona vibaya." Niliondoka na nywele nusu zimechanwa. Shangazi akanipa wigi, akasema, "Mwanangu, watu wa siku hizi si watu wa Temeke hawa unaowajua. Funika." Nikafunika. Wigi nikienda kazini, mtandio nikiwa nyumbani, na kidogo kidogo nikazoea kuona kichwa changu ni siri. Hilo ndilo ninalojionea haya mpaka leo, kuliko kinyama chenyewe.

Kisha nikapata mchumba. Alikuwa fundi wa redio pale Tandika, na televisheni zilipoanza kuingia majumbani akawa fundi wa televisheni, watu wanampanga foleni. Alikuwa na mikono mizuri na kicheko cha taratibu. Nilimpenda. Niseme nini tena? Nilimpenda mpaka nikisikia redio ya jirani inakoroma nafurahi, kwa sababu nitapata sababu ya kuipeleka. Kwao ni Magomeni, watu wenye heshima zao. Mama yake alikuja na dada zake wawili, wakaniangalia, wakaridhika, posa ikapokelewa, ndoa ikapangwa baada ya mfungo. Na hakuna hata mmoja wao aliyejua kilichoko chini ya mtandio.

Nilitaka kumwambia. Wallahi nilitaka. Shangazi akanikamata mkono jikoni. "Una wazimu? Mwanaume anaacha mke kwa mchuzi kuzidi chumvi, sembuse hicho! Siku ya kukusinga mawifi watakuwepo, watakuosha, watakuona mpaka unyayo. Unataka wakaseme nini Magomeni? Kwamba tumewauzia mtu mwenye jini kichwani?" Nikamuuliza sasa nifanyeje. Kumbe alikwisha panga. Kulikuwa na bwana mmoja amefungua duka la dawa jirani na soko, zamani alikuwa anafunga vidonda zahanati, sasa anavaa koti jeupe na watu wanamwita daktari. Alikuwa anatoa masundosundo na chunjua. Shangazi amezungumza naye, amesema kazi ya nusu saa, ganzi kidogo, wembe, dawa, kitambaa, basi. Jumamosi, wiki mbili kabla ya singo.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," shangazi akasema.

Nikakubali. Msinitazame hivyo. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nampenda mtu. Nilijua kwamba daktari wa kweli alisema kisiguswe bila sababu, nilijua yule bwana wa duka si daktari, nilijua yote. Nikakubali.

Aliyebaki kuambiwa ni bibi. Wakati huo alikuwa hatoki tena, miguu imevimba kwa presha, anakaa kwenye mkeka barazani anachambua mchele wa watu wote wa nyumba. Nikakaa karibu yake nikachambua naye. Nikamwambia. Vidole vyake havikusimama. Alitoa chuya, akatoa kijiwe, akatoa chuya nyingine.

"Mara ya kwanza alinichukulia Mungu," akasema. "Nikasema sawa, mwenye mali kachukua. Hii ya pili unanichukulia wewe."

"Bibi, si babu huyu. Ni kinyama tu."

"Ndio. Hata yule alikuwa nyama tu." Akapuliza pumba. "Fanya unavyoona, mume wangu. Mie mwanamke nitasema nini?"

Nililia chooni. Kisha nikatoka, nikanawa, na sikubadilisha neno. Jumamosi ikabaki Jumamosi.

Jumatano yake, alfajiri, bibi akafa. Alikuwa ameamka kuswali, akaegemea ukuta, akamaliza. Mie ndiye niliyemkuta. Nikamwita jina lake, nikamwita bibi, mwisho nikamwita mke wangu, kwa sababu ndilo jina alilokuwa haachi kuitikia. Mtani wetu alisikia kupitia ukutani, akaja mbio bila viatu, na ndiye aliyemfunga kidevu.

Kufika saa nne nyumba ilikuwa imejaa. Wanaume nje chini ya turubai, wanawake ndani na ukumbini kwenye mikeka. Mama yangu alifika toka Kimbiji amevimba macho. Saa sita wakaja watu wa Magomeni, mama mkwe wangu mtarajiwa na binti zake wawili, wamejitanda vizuri, wakapewa nafasi ya mbele ukumbini, mbele yangu kabisa. Mchumba wangu nilimwona kwa mbali akisaidia kufunga kamba ya turubai. Shangazi alikuja akakaa ubavuni pangu, akanirekebishia mtandio mara mbili, katikati ya kilio chake mwenyewe. Mama yake amelala chumbani anaoshwa, na mkono wake uko kichwani kwangu anachungulia kama kumefunikwa.

Maiti ikaoshwa, ikavishwa sanda, ikawekwa kwenye jeneza pale ukumbini. Sasa inasubiriwa kutoka. Ndipo watani walipoanza. Mnajua msiba wa Mzaramo bila watani haujakamilika. Wanyamwezi wa mtaa mzima walikuwa wamekuja, mmoja amelala kizingitini anasema maiti haitoki mpaka apewe soda ya kopo, mwingine anapika ugali wa mchanga kwenye sufuria letu. Watu wanalia, watu wanacheka, hapohapo.

Kisha pazia la chumba cha bibi likafunguka, akatoka bibi.

Nasema akatoka bibi kwa sababu ndivyo moyo wangu ulivyoona. Ilikuwa kanga yake, ile ya rangi ya kahawia iliyopauka. Miwani yake iliyofungwa uzi mweusi. Fimbo yake. Mgongo umepinda vilevile, mguu wa kushoto unaburuzwa vilevile. Alikuwa mtani wetu, lakini miaka yote ile ya ukuta kwa ukuta alikuwa amemjua bibi mpaka anavyokohoa. Akasimama katikati ya ukumbi, akakohoa kile kikohozi, akaangalia sinia la wali. "Nani kapika huu? Nazi mmeibania kama mnailipia kodi." Ukumbi mzima ukacheka kwa machozi. Hata shangazi alicheka. Akatembea, akagongagonga watu magoti kwa fimbo, "Sogeza mguu, nyumba hii nimejenga mie," kisha akafika mbele ya jeneza, akageuka. Sauti ikabadilika. Ikawa ile ya kila siku, ya barazani, ya kuniita nikale.

"Mume wangu! Mume wangu yuko wapi? Naondoka peke yangu?"

Kicheko kilikatika. Watu wa Temeke wote walijua anaitwa nani. Wakageuza macho wakaniangalia. Mama mkwe akageuka kuangalia wanachoangalia.

Shangazi akanishika kifundo cha mkono, akabana mpaka kucha zikaingia. "Nyamaza," akanong'ona. "Kaa hivyohivyo. Atapita."

"Mume wangu!" mtani akaita tena. "Leo unanikana mbele za watu?"

Mtani alikuwa anafanya kazi yake tu, hakujua habari ya Jumamosi. Lakini mie niliyasikia maneno yale toka kwa mwenyewe. Nikamwona mama mkwe na mtandio wake wa hariri, nikaiona ndoa yangu yote pale mkekani, singo, mapambo, yule mtu na mikono yake mizuri. Nikasema moyoni, liwalo na liwe. Nikautoa mkono wa shangazi kidole kimoja kimoja. Nikasimama.

"Nipo, mke wangu," nikasema.

Nikavua mtandio. Chini yake nilikuwa nimebana nywele pembeni kama siku zote za nyumbani, kwa hiyo utosi ulikuwa wazi, hauna hata unywele wa kusingizia. Nikaenda mpaka kwenye jeneza nikainama kama mjane anavyoaga. Nikawasikia wale mawifi wakivuta pumzi. Nikamsikia mmoja anasema, "Yarabi, nini kile?" Na nikamsikia mtani wangu, Mungu ampe maisha, akirudi kwenye sauti yake mwenyewe na kupiga kigelegele katikati ya msiba.

"Haya! Mjane kapatikana! Na nyie wa Magomeni, mna mambo! Mmekuja kuposa mume wa mtu?"

Ukumbi ukalipuka. Utani haukasirikiwi, hiyo ni sheria, na mama mkwe aliijua. Alikaa mgongo umenyooka mpaka jeneza likatoka, kisha akasimama, akawapa watu mkono mmoja mmoja, akaondoka na binti zake bila kugusa wali. Mtu anayeondoka msibani bila kula amekwisha sema.

Ijumaa ilikuwa hitima. Baada ya dua mchumba wangu akanifuata uani, kwenye karo la kuoshea vyombo. Nilikuwa sijafunika kichwa. Aliniangalia utosi, akaangalia chini, akaangalia utosi tena. Nikamwambia, "Gusa ukitaka. Hakiumi." Hakugusa.

"Mie sina tatizo," akasema. "Ila mama."

"Mama kafanyaje?"

"Aliumia. Lakini jana shangazi yako kaja nyumbani, kazungumza naye, yamekwisha. Kasema kesho kinatolewa. Mama kasema kikitoka, ndoa ipo palepale." Akatabasamu, kama mtu aliyekuletea redio yako imepona. "Kesho tu, halafu tunasahau."

"Na wewe unasemaje? Si mama. Wewe."

Akafikiri. Nampa haki yake, alifikiri kweli. "Mie nasema alichosema mama."

"Basi mwambie mama akuoe."

Alicheka. Alidhani utani, na yeye si mtani wangu. Alipoona sicheki, mikono yake mizuri ikaning'inia tu, kisha akatoka kwa mlango wa uani. Nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa nikalia mpaka kwikwi zikanishika. Nilimlilia yeye, nilimlilia bibi, sikujua machozi yapi ya nani. Niliumia miezi mingi, na nikisikia redio inakoroma mpaka leo kuna mahali panashtuka. Lakini sikumwita.

Jumamosi ikafika. Shangazi, aliyekuwa akilala kwetu tangu msiba, aliamka mapema, akavaa, akakaa sebuleni na mkoba mapajani. Hatukuwa tumezungumza tangu Jumatano. "Twende," akasema, "kabla hakujawa na watu." Nikamwambia nakuja. Nikatokea mlango wa nyuma.

Kwetu, ukishatoka msiba, aliyefiwa na mwenza hunyoa. Nikaenda kwa kinyozi wa wanaume, barabara ya pili, kibanda cha mabati chenye kioo kimoja. Umeme ulikuwa wa mgao, ameshika mashine ya mkono. Wanaume watatu wanasubiri kwenye benchi. Nikakaa kwenye kiti. Kinyozi akasema, "Dada, hapa ni pa wanaume."

"Nimefiwa na mke," nikamwambia. "Nyoa."

Wale wa kwenye benchi walikuwa watu wa Temeke, habari ya Jumatano ilikwisha wafika. Mmoja akasema taratibu, "Mnyoe, ndugu yangu, huyo ni mume wa bibi." Kinyozi akanifunga shuka shingoni, akaanza. Nywele zikaanguka. Alipofika juu mashine ikasimama.

"Hiki nikifanyeje?"

"Kizungukie. Kina mwenyewe."

Nilirudi kwa njia kubwa, mchana kweupe, jua linanipiga kipara. Watoto walinifuata. Mama mmoja akasema haifai, mwanamke hanyoi kipara, dini imekataza. Nikamjibu, "Naam mama, shikamoo," nikapita. Mtani wangu alikuwa mlangoni kwake anakaanga vitumbua. Aliniona, akasahau kijiko mkononi, vitumbua vikaungua.

Shangazi alikuwa bado sebuleni na mkoba mapajani. Nilijiandaa. Nilikuwa na maneno mengi mdomoni na yote makali, nilitaka kumwambia habari ya duka lile na koti lile na Magomeni yote. Nikasimama mbele yake kichwa kitupu, utosi umebaki peke yake juu, hauna nywele za kuuzunguka tena.

Hakupiga kelele. Aliniangalia. Akaweka mkoba chini, akasimama, akanizunguka polepole mpaka nyuma yangu. Nikahisi kidole chake kikigusa pembezoni mwa kile kinyama, mara moja, kikaondoka, kikarudi.

"Palepale," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, mdogo. "Baba ilikuwa palepale."

Nilitaka kumwambia sugu hairithiwi.

Akaingia chumbani kwa bibi. Nilimsikia akipekua vitu kwenye rafu, vikombe vikigongana. Akatoka na kichupa cha mafuta ya nazi, akavuta kiti cha babu, akakikung'uta vumbi.

"Kaa," akasema. "Inamisha kichwa."

Nikakaa, nikainamisha.